Posa ya Nyuklia

Esha binti Mikdad alitaka kwenda kusomea umeme wa nyuklia katika nchi ya theluji, na bila radhi ya baba yake hapandi ndege. Chuo kilishamkubali, mahali pa kulala alishapata, hata koti zito alishaazimwa na rafiki aliyemtangulia. Lililobaki lilikuwa neno la Mikdad, na neno la namna hiyo binti wa Kaole haendi kuliomba mwenyewe. Anamtuma somo wake.

Somo ndiye mimi, Mwajabu. Esha alipovunja ungo nilikabidhiwa nimfunde, na tangu hapo mimi ndiye mdomo wake mbele ya wazazi wake kwa kila jambo zito. Kwa kawaida jambo zito ni mume. Hayo nimeyapeleka nyumba nyingi mpaka nayajua kwa harufu: huyu anamtaka, yule hamtaki, mwingine anamtaka lakini mama mkwe ana mdomo. Nyuklia sikuwahi kuipelekea mtu.

Alinijia asubuhi, uani kwangu kumejaa kama kawaida. Mmoja anasukwa, wawili wanasubiri vitumbua, na Mina wa nyumba ya pili amekuja kuazima mbuzi ya kukunia, wala nazi hana.

"Somo, shikamoo. Ijumaa baba anakuja kutoka Dar. Ukaniombee."

"Marahaba mwanangu. Nikuombee mume gani?"

"Si mume. Nyuklia."

Mina akasahau mbuzi. "Nyuklia si ndilo lile bomu?"

"Bomu ni jingine, dada Mina. Hii ni ya umeme."

"Lakini jina ni moja."

"Moto wa kupikia na moto wa kuunguza nyumba nao jina ni moja."

Mina akakaa chini. Alipokaa nikajua leo hakuna siri, maana habari ikishamwingia Mina inafika Mlingotini kabla ya mwenyewe.

Tatizo nililiona palepale. Mikdad ni fundi mkuu wa mitambo kwenye kituo cha umeme wa gesi, huko Dar. Nyumba yao ya Kaole imejengwa na gesi, ada ya Esha imelipwa na gesi, na mzee alishapanga binti yake asome zaidi hapahapa kisha aingie kituoni kwake, wakae pamoja mbele ya mitambo baba na mwana. Kwenda kumwomba mtu kama huyo nyuklia ni sawa na kwenda kwa muuza samaki kumwomba akuonyeshe bucha.

"Basi nieleze vizuri," nikamwambia. "Sitaki kwenda kusema kama kasuku. Baba yako ataniuliza."

Esha akatazama huku na huku, akaona birika langu linatokota jikoni, mvuke unakipiga kifuniko, ta-ta-ta.

"Umeme mwingi, somo, ni kuzungusha tu. Kuna sumaku na kuna nyaya. Ukizungusha, umeme unatoka. Ugomvi wote wa wakubwa ni nani azungushe. Bwawani anazungusha maji. Kwenye mlima anazungusha upepo. Kwa baba wanachoma gesi, pumzi ya ule moto inasukuma mapanga ya mtambo. Nyuklia yenyewe inatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unasukuma mapanga. Kama kifuniko chako hicho."

"Kumbe ni birika?"

"Birika la fedha nyingi sana."

"Na jua la mjomba wako anayeuza sola?"

"Jua halizungushi kitu. Linagonga kioo, umeme unatoka bila kelele."

Yule anayesukwa akasema na yeye hajui, akamwomba aseme tena. Esha akasema tena. Nikauliza sasa kwa nini asichukue hilo la gesi ambalo liko mlangoni, akae karibu na mama yake.

"Kwa ajili ya mama," akasema.

Dija, mama yake, analima mwani Mlingotini. Miaka ya nyuma ulikuwa unaufunga kwenye kamba, unarudi unaukuta umenenepa kama mashuke. Siku hizi maji ya kina kifupi yana joto, mwani unapauka na kukatika, na Dija amelazimika kusogea kwenye maji ya kifuani, yeye ambaye kuogelea hajui. Esha akaeleza kwamba moshi wa mitambo ya dunia, ile hewa ukaa, unaifunika dunia kama blanketi. Moshi wetu sisi ni mdogo, lakini tunaongezeka, kila nyumba inataka friji, na mtambo unaojengwa leo ataukuta mjukuu. Kwa hiyo swali lake yeye lilikuwa moja: umeme mwingi, mchana na jioni, bila moshi, utatoka wapi?

"Mimi angalau nimeshaacha mkaa," nikasema. "Napikia gesi yetu ya Mtwara."

"Gesi ya mtungi haitoki Mtwara, somo. Hiyo inakuja na meli kutoka nje. Ya kusini inapita kwenye bomba inakwenda kwenye mitambo na viwanda."

Miaka yote nimekuwa nikijisifu kwa wageni kwa gesi ya nyumbani! Mina alicheka mpaka akashika ukuta. Hapo ndipo nikaamua: kama hata jiko langu silijui, lazima nikaulize na wengine kabla ya Ijumaa.

Nilianzia kwa Haidar, mjomba wake Esha, ndugu wa Dija. Haidar anauza sola na pampu kwa wakulima, na siku ile alikuwa Kiwangwa akifungia mtu mitambo shambani. Nikachukua bodaboda. Nikamkuta katikati ya mananasi, kofia ya ukili kichwani, anatazama paneli zake kama mtu anayemtazama bi harusi.

"Bi Mwajabu! Karibu. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuuliza. Bei baadaye."

Akafungua swichi. Chini kisimani kukavuma, kisha maji yakapanda kwenye tangi, meupe, mengi. Hakuna mafuta, hakuna moshi, hakuna mtu anayezungusha. Nilisogea nikaweka mkono chini ya bomba kama mtoto. Kweli kitu hicho kinapendeza.

"Jua halileti bili," Haidar akasema. "Mwambie shemeji yangu Mikdad hivyo."

Hapo likapita wingu. Wingu dogo tu. Maji yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa tunasubiri."

"Shamba linasubiri. Na Dar yote isubiri?"

"Kwa mji kuna betri."

"Na masika, jua linapojificha wiki nzima?"

"Masika mabwawa yanajaa, mama! Maji yanashika zamu. Jua likichoka maji yapo, maji yakichoka jua lipo, na upepo unasaidia katikati. Wanapokezana kama wake wenza wanaoelewana."

"Wapo wa namna hiyo?"

"Wachache," akakiri.

"Haya. Mwaka wa ukame?"

"Mwaka wa ukame jua tele!"

"Mwaka wa ukame, bwawa limeshuka, jioni, jua limezama, watu wamerudi nyumbani wamewasha taa, feni, televisheni na pasi."

Haidar akavua kofia akajipepea. Wingu lilikuwa limeondoka na maji yameanza tena kumwagika, lakini hatukuyatazama.

"Betri nyingi," akasema mwishowe. "Nyingi sana. Zipo, bei yake inashuka kila mwaka, lakini za kutosha mji mzima bado kazi. Umetumwa na Mikdad wewe?"

"Nimetumwa na Esha. Anataka kusomea nyuklia."

"Nyuklia!" Aliruka. "Kiwanda cha kujenga miaka na miaka, na fedha ambazo ungeweza kufunikia mapaa yote ya pwani hii kwa sola? Ijumaa nami nakuja hapo."

Ijumaa nyumba ya Mikdad ilijaa. Sijui nani alialika; namhisi Mina. Baada ya swala wanaume walikaa barazani, wanawake uani kwenye masufuria ya pilau, na Esha ndani chumbani nyuma ya pazia, kama mwali anavyokaa likijadiliwa jambo lake. Mlangoni, baina ya baraza na chumba, akaketi Bi Mwanahija, mama yake Mikdad, na tasbihi yake. Kila neno linaloingia na kutoka lazima lipite kwake. Dija aliandaa na sahani ya halua, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma. Sikumuuliza ya nini. Dija huyo tangu asubuhi hakusema kitu, si la gesi si la nyuklia. Alikuwa akikatakata vitunguu tu.

"Karibu, Bi Mwajabu," Mikdad akasema. Ni mtu mrefu, mpole, masikio yake yameharibiwa kidogo na kelele za mitambo, kwa hiyo husema kwa sauti ya juu hata anaponong'ona. "Umekuja na la nani?"

"Nimekuja na la mwanao na mwanangu. Kuna chuo kimemtaka, naye amekitaka. Kiko mbali, na kinachofundishwa ni nyuklia. Anaomba radhi yako."

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza polepole kama mchumba ni Mrusi. Akaambiwa hakuna mchumba. Akauliza sasa nyuklia ni nani?

Mikdad hakukasirika. Alikunja kanzu akakaa vizuri, na nikaona anapenda kuulizwa habari za kazi yake.

"Sikilizeni. Gesi ni yetu, iko kusini, tunayo. Umeme uleule ukiutoa kwa gesi, hewa ukaa ni kama nusu tu ya ile ya makaa ya mawe. Na kubwa zaidi, gesi inaamka. Watu wakiwasha taa jioni, mimi nabonyeza, mtambo unashika. Ni kama wali wa akiba jikoni: mgeni akitokea hukimbii sokoni, unapasha unaleta. Jua litamfanyia nani hivyo?"

"Nusu ya moshi ni moshi," Haidar akamkata. "Shemeji, ulikuwa unanipiga makofi mawili, leo unanipiga moja, halafu unataka nikushukuru?"

"Wewe ulishaondoka Kiwangwa jua likizama ukakuta taa kwako zinawaka. Nani aliziwasha?"

"Bwawa!"

"Bwawa na mimi!"

Watu wakacheka. Nikaona nisipoingia sasa hivi mashemeji hawa watanyang'anyana kikao. Nikamtolea Mikdad swali alilonipa Esha.

"Mwanao anauliza hivi. Gesi ikiungua inatoa moshi mdogo, tumekubali. Lakini ikivuja kabla ya kuungua, huko kisimani au bombani, anasema inaifunika dunia vibaya kuliko moshi wake. Nani anapima inayovuja?"

Mikdad akazungusha kofia kichwani. Nilidhani atanifokea. Badala yake akaegemea mbele.

"Kauliza hivyo yeye?"

"Yeye."

"Kituoni kwangu tunapima, na ikivuja nasikia kabla ya mashine kusema. Njia nzima, kutoka baharini mpaka kwangu… siwezi kumsemea mtu wa njiani. Swali zuri hilo. Sina jibu lake lote." Akatabasamu kidogo, kisha akaliondoa lile tabasamu. "Lakini na mimi ninalo langu, umpelekee."

Akanyoosha mkono upande wa magofu. Kutoka kwenye baraza ile huyaoni, ila kila mtu wa Kaole anajua yalipo: misikiti ya zamani iliyobomoka na makaburi ya watu waliokaa hapa kabla ya babu za babu zetu.

"Nyuklia haina moshi, nakubali. Ina taka. Kidogo, lakini zinabaki na sumu maelfu ya miaka. Watazizika chini, sawa. Sasa nendeni hapo magofuni. Watu wale walikuwa na fedha, walikuwa na wanazuoni, waliwajengea maiti zao minara na kuandika juu yake. Leo maandishi mengi yamekwisha. Hatujui nani amelala wapi. Na hiyo ni miaka mia chache tu. Basi mtu atakayekuja hapa miaka elfu kumi ijayo, lugha yetu haijui, dini yetu labda haijui, ameshika jembe anatafuta pa kuchimba kisima, nani atamwambia hapa usichimbe? Kwa maandishi gani?"

Baraza lote likatulia. Hata Haidar alifunga mdomo, na hilo si jambo la kila siku. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa bomu, kwa ajali, kwa gharama. Esha alinipa majibu ya yote hayo. La makaburi hakunipa. Nikabaki naliangalia akilini, lile jembe, yule mtu asiyejua. Nilitamani kujua jibu kuliko nilivyotamani kushinda.

Bi Mwanahija yeye alikuwa na njaa. Aliona watu wamenyamaza akaona jambo limekwisha. Akageukia pazia.

"Esha! Mjukuu wangu! Baba yako anataka usome gesi, ubaki hapa karibu. Umeridhia?"

Pazia halikujibu.

"Umeridhia, Esha?"

Kimya.

Kwetu mwali akiulizwa habari ya posa hatarajiwi kusema ndiyo. Anaona haya. Akinyamaza amekubali, na ndoa ngapi zimefungwa kwa kunyamaza huko. Kazi ya somo ni kuingia kwanza amtazame usoni, maana kuna kunyamaza kwa haya na kuna kunyamaza kwa kilio, halafu atoke aseme ni kupi. Ila kabla sijajiinua mkekani Bi Mwanahija alishasema, "Kanyamaza. Alhamdulillahi!" na mtu uani, ambaye hakusikia hata neno moja la mjadala, akapiga kigelegele.

Kigelegele hakipigwi kimoja. Wakaitikia wote wa kwenye masufuria, wakaitikia wa nyumba ya pili, ikaitikia na nyumba ambayo sina hakika kama ilijua inaitikia nini. Sahani ya halua ikafunuliwa, ikazunguka. Mikdad akachukua kipande, macho yamelowa. Haidar naye akachukua.

"Wewe si ulikuwa unapinga?" nikamwambia.

"Nimepinga gesi, sikupinga halua."

Nikaingia chumbani mbio. Esha amekaa ukingoni mwa kitanda, pindo la kanga mdomoni, anatazama ukuta.

"Somo," akasema, "nani anaolewa?"

"Wewe! Na gesi!"

"Mimi? Nimesema nini?"

"Hujasema. Ndiyo kusema kwenyewe. Bibi kakuita mara mbili."

Akashika kichwa. "Wallahi sikumsikia. Nilikuwa kwenye makaburi ya baba."

"Basi kunyamaza huku ni kupi, nikakusemee?"

Alifikiri. "Nilisoma kwamba wanazizika ndani ya mwamba, chini kabisa. Nchi moja ya kaskazini imeshachimba. Nikaridhika, nikaona hilo limekwisha. Sikuwahi kufikiria yule mtu mwenye jembe. Sina jibu, somo."

"Kwa hiyo huitaki tena?"

"Sasa ndiyo naitaka zaidi."

Nikatoka. Wanaume wanalamba vidole, kahawa inamiminwa.

"Rudisheni halua," nikasema.

Haidar akameza. "Yangu imeshapita."

"Bi Mwajabu," Mikdad akasema kwa upole, lakini sauti yake hata uani waliisikia, "halua ikiliwa neno limefungwa. Wewe wajua kuliko sisi."

"Limefungwa mwenye neno hayupo. Mwali hakuridhia. Hakukataa pia. Alikuwa anafikiri."

"Anafikiri!" Bi Mwanahija akashusha tasbihi. "Mimi najua kunyamaza kwa haya na kunyamaza kwa kilio. Huku kwa kufikiri umekuleta wewe."

"Huku kakuleta mwanao, mama yangu, na makaburi yake."

Mikdad alikuwa ameinua kipande cha pili cha halua. Akakirudisha sahanini. Kitu kikapita usoni mwake, si hasira, ila sikukijua bado.

Ndipo pazia likafunguka na Esha akatoka. Si kawaida. Mwali hatoki kwenye kikao chake mwenyewe. Alijitanda kanga yake, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, nisamehe. Sikudharau. Nimekaa natafuta jibu la swali lako, kumbe huku mnaniozesha."

Wazee wawili watatu wakacheka chini chini.

"Umelipata?" Mikdad akauliza.

"Sikulipata. Na wewe la gesi inayovuja hukulipata. Na mjomba hana jibu la jioni ya mwaka wa ukame."

"Ninalo," Haidar akasema, "ila ni ghali."

"Siikatai gesi kwa sababu ni yako, baba. Jua la mjomba litakuja tu, hata nisipolisoma, watu wa Kiwangwa wameshalipenda. Lakini hili la nyuklia na taka zake hapa hakuna anayelijua, na ipo siku nchi hii itakaa kuamua ijenge au isijenge. Nataka siku hiyo awepo mmoja wetu aliyeliuliza. Nikirudi huenda nikakwambia tusijenge."

"Usome miaka yote hiyo, kwenye baridi, uje uniambie tusijenge?"

"Kama ndilo jibu."

Mikdad akamtazama binti yake. Alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama upande wa magofu, akatazama vidole vyake vyenye mafuta ya halua. Muda ukapita. Kahawa ya mtu ikapoa.

Dija alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, kisu cha vitunguu mkononi, bado ana chumvi ya bahari kwenye vifundo vya miguu. Siku nzima hakutoa neno. Sasa akasema, wazi kabisa:

"Kanyamaza. Alhamdulillahi."

Akapiga kigelegele.

"Dija!" Mikdad akapiga kelele. "Mimi si mwali!"

Nani wa kumsikia? Uani walishapokea, nyumba ya pili ikapokea, Bi Mwanahija mwenyewe akacheka mpaka tasbihi ikamponyoka. Mikdad alijaribu kuonekana mkali, ikamshinda. Mabega yalianza kutikisika kwanza, halafu yeye mzima. Akamwekea Esha mkono kichwani.

"Halua msirudishe," akasema. "Nenda mwanangu, radhi yangu unayo. Lakini hilo la makaburi ukaniulizie vizuri. Usije na jibu la kunifurahisha."

Kesho yake, kabla Mikdad hajarudi Dar, nilimkuta na Esha magofuni. Mimi nilikuwa nimeamua kupita huko, siwezi kusema nilipotea njia. Usiku kucha yule mtu wa jembe alinikaa kichwani. Mikdad alikuwa ameinama mbele ya kaburi moja, kidole kinafuata mahali penye alama, Esha kachuchumaa pembeni.

"Hapa palikuwa na maandishi," Mikdad akaniambia baada ya salamu. "Hii naona kama mkia wa herufi. Au mvua tu."

"Labda tusitegemee kuandika," Esha akasema. "Labda wawepo watu wa kufundishana. Mmoja anamfundisha mwingine, hapa usichimbe, na huyo anamfundisha anayekuja."

"Watu wanakufa."

"Somo, wewe ulifundwa na nani?"

"Bi Miza, Mungu amrehemu."

"Na Bi Miza?"

"Na Mwana Adila, nadhani. Wa Mlingotini."

"Na Mwana Adila?"

Nikatafuta kichwani. Hakukuwa na mtu tena huko nyuma.

"Unaona?" Mikdad akasema. "Imekatika. Watatu tu."

"Majina ndiyo yamekatika, baba. Aliyonifundisha somo hayakukatika. Yamenifikia."

Mikdad akanyanyuka, akakung'uta magoti, akalitazama tena lile kaburi lisilo na jina, kisha akanitazama mimi muda mrefu, kama mtu anayetazama mtambo wa aina asiyowahi kuifungua.

"Hilo nalo kaulize," akasema.

Tulirudi pamoja kwa njia ya minazi. Tulipokaribia nyumbani nikamwona Mina mlangoni kwangu, na nyuma yake wanawake kama harusi nzima, waliosikia vigelegele jana mara mbili na wamekuja kujua bwana harusi ni nani.